Nani Alimfufua Evod?

"Alikufa! Nakwambia alikufa, maji yakamfunika, kofia ikabaki inaelea peke yake!"

"Hakufa, Agnetha. Usiniletee msiba nyumbani kwangu mchana kweupe. Evod yu hai. Alivuka lile daraja kwa miguu yake mwenyewe, na mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi wewe? Evod anakufa, wewe umejilaza dunguni unakoroma, ndege wanajilia mpunga wako!"

"Bora mimi niliyekoroma nikabaki. Wewe ulikimbilia mjini na magunia yako, utajua nini?"

Nazari Likwena alisimama nje ya ua wa matete, mkono juu, hodi bado haijamtoka. Alikuwa mpelelezi wa polisi hadi alipostaafu, na Ifakara nzima bado ilimwita Afande, naye hakuwa na haraka ya kuwakataza. Alikuja Lipangalala kwa shauri la kitabu, shauri lisilo na hata tone la damu. Sasa kabla hajaingia uani keshapata maiti, tena maiti yenye utata.

Akabisha. Kelele zikakatika kama redio iliyochomolewa.

Ua ule ulikuwa wa nyumba mbili, na katikati palikuwa na senyenge iliyolegea ambayo wenyewe waliipitishia chumvi, viberiti na umbeya. Upande wa huku alisimama Agnetha, mwanamke mnene wa umri wa kati, ungo mkononi. Upande wa pili alikaa bibi mwembamba juu ya kigoda, miguu ameinyoosha juani. Huyo ndiye Yosefina.

"Shikamoo mama," Nazari alimwambia Yosefina.

"Marahaba, Afande. Karibu. Agnetha, mpe mgeni kiti, usisimame kama mnazi."

"Nitakaa. Lakini kwanza, huyo Evod ni nani na alizama wapi? Taarifa ilifika kituoni?"

Wanawake wale walitazamana. Kisha kicheko kikawatoka, Agnetha akashika kamba ya kuanikia nguo asianguke.

"Afande, Mungu akusamehe," alisema akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Evod si mtu. Evod ni wa hadithini."

"Hadithi ya nani?"

"Ya Marsiana," alisema Yosefina.

"Ya bibi yangu," alisema Agnetha, papo hapo.

Kicheko kikafa. Agnetha akaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Nazari akakaa. Ndilo jambo lililomleta.

Nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi Marsiana, mwandishi. Riwaya zake mbili zilishachapwa, na wenye vibanda vya vitabu sokoni walizipanga mbele, mahali pa kuonekana. Ya tatu ilimhusu mzee mmoja mvushaji, Evod, ambaye kabla ya daraja alivusha watu Mto Kilombero kwa mtumbwi. Kwa kuwa watu wa ng'ambo hii na ng'ambo ile hawakuonana mara kwa mara, walimwachia maneno: mwambie dada mtoto kapona, mwambie mjomba nimemsamehe. Evod hakuandika hata neno moja. Aliyahifadhi yote kichwani na kuyafikisha. Kisha daraja likajengwa, simu zikaja, na mzee akabaki kivukoni na neno moja ambalo halijamfikia mwenyewe.

Majaji wa tuzo kule Dar es Salaam waliisoma wakaipenda. Hata hivyo, kiongozi wao, Profesa Telesphory, alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akaipeleka kwenye hazina ya sauti ya Daktari Nelly, mtafiti aliyezunguka bonde lote akirekodi wasimulizi na kuifundisha akili mnemba kuhadithia kama wao. Wakaiomba mashine hadithi ya mvushaji. Mashine ikaitoa karibu yote, kengele na mtumbwi, mzee na neno lake. Chini yake palikuwa na maelezo: hadithi ya kale, kama ilivyosimuliwa na bibi.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Sauti ilirekodiwa mpunga ukiwa bado shambani, na Marsiana alikiri kwamba alianza kuchapa kitabu chake baada ya mavuno. Profesa akasema waziwazi: ama mwandishi kachukua hadithi ya wazee wote akaipachika jina lake, ama kaiomba mashine imwandikie. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Martin, mchapishaji wake, ndiye aliyemtuma Nazari, na alimwambia bila kuficha kwamba likithibitika, jina la Marsiana halitaonekana tena kwenye jalada lolote, la kwake Martin wala la mchapishaji mwingine.

Asubuhi ile Nazari alianzia kwa mwenyewe. Marsiana alimjibu kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi. "Nilitunga dunguni, Afande, juu ya kile kijukwaa cha shambani. Naamia ndege, nawafukuza, huku natunga. Sina karatasi, nina majirani."

Kisha akamkaribisha viazi na chai ya maziwa, na Nazari akakataa. Watu wote walijua sheria yake hiyo: hali chakula katika nyumba anayoipeleleza. Akila ujue amemaliza.

"Mama Yosefina," Nazari alisema, "naomba uingie ndani kidogo. Nitakufuata."

"Unanitenga na jirani yangu?"

"Mashahidi wawili wakikaa pamoja wanakuwa shahidi mmoja mwenye vinywa viwili."

"Huyu tukikaa pamoja tunakuwa mashahidi watatu," alisema Yosefina, akajikongoja ndani, mlango akiuacha wazi kiasi cha sikio.

Nazari akaenda kuufunga, kisha akarudi kwa Agnetha.

"Nihadithie mwisho. Mwisho tu."

Agnetha akauweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka, na mikono ikaanza kufanya kazi. Alimwonyesha Evod akishuka kivukoni ambako hapakuwa tena na mtu wa kuvuka. Pale palikuwa na kengele ya chuma ambayo abiria waliigonga kumwita. Safari hii mzee aliigonga mwenyewe, akajiita, akaitika, akaingia majini. Kofia ikaelea hadi kwenye matete.

Nazari alijikuta ameshusha pumzi. "Na hiyo ni ya bibi yako."

"Ya bibi. Mama mzaa mama."

"Alifariki lini, Mungu amrehemu?"

"Mwaka wa zile mvua za El Nino."

"Enzi hizo mlivukaje kwenda Ulanga?"

"Kwa pantoni, Afande. Na mitumbwi. Daraja tungelitoa wap..." Agnetha akaushika ungo tena.

"Bibi aliyefariki kabla ya daraja kuota hata ndotoni alijuaje kwamba daraja litamkosesha Evod kazi?"

Bata akakatiza uani akiongea peke yake.

"Afande, shambani kwetu ndivyo tunavyosema," Agnetha alisema hatimaye, sauti chini. "Tukiwa madunguni kila mtu na shamba lake, tunahadithiana kwa kupaza sauti, huku tunatupa udongo, huku tunapiga madebe. Ukisema 'hii nimetunga mimi', watakuzomea mpaka jioni, wakwambie unajidai. Ukianza na 'bibi alisema', hata mtoto anatulia. Marsiana mwenyewe anaanza hivyo. Kila siku: bibi alisema, bibi alisema. Wote tunajua bibi ni yeye!"

"Na wale watafiti?"

"Walipita na vinasa sauti vyao. Wakaniuliza, mama, unajua hadithi yoyote? Jamani, nami nilikuwa nayo tumboni tangu juzi yake, inanichoma! Hadithi tamu vile, utakaa nayo? Nikaanza: bibi alisema. Yule binti akaandika. Sikujua kwamba Dar es Salaam bibi ni bibi kweli."

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilisikia mjini wanasema hadithi imeibwa. Nikajiuliza, kama imeibwa, nani aliitoa nje? Ni mimi! Nikaona bora bibi aibebe. Yeye hawamshtaki." Akajishika shavu. "Marsiana akijua nimemharibia, sitamtazama tena usoni. Afande, yule mwanamke ana kichwa! Sisi tunafukuza ndege, yeye anafukuza ndege na anajenga mji mzima. Ukae ule kidogo, nina kisamvu."

"Ahsante, Agnetha. Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Tumbo lake lilinguruma, na Agnetha, kwa heshima ya cheo, akajifanya kutosikia.

Yalikuwa maelezo mazuri, ila Nazari aliwahi kukaa kwenye mahakama za kutosha. Jirani mwenye huruma anamkingia jirani yake. Ndivyo Profesa angesema, na wakili yeyote asingehitaji hata kusimama. Na lile daraja lisingetosha pia. Hadithi za zamani huvalishwa nguo mpya kila siku; mahali palipokuwa na simba leo panawekwa trekta. Alihitaji kitu ambacho si huruma wala daraja.

Akakiona kitu hicho njiani kuelekea mlango wa Yosefina, akasimama. Hawa wawili hawakuwa wanagombana kama Evod yupo ama hayupo. Waligombana kama alikufa.

"Mama," alisema akiingia, "nawe nihadithie mwisho."

Yosefina alihadithia polepole, akitazama ukuta kana kwamba kivuko kilikuwa pale. Evod alishuka, akagonga kengele, akaingia majini hadi yakamfika kifuani. Hapo akakumbuka lile neno moja ambalo halijafika, neno la mama aliyemwachia mwanawe wa ng'ambo. Akasimama. Neno la mtu huwezi kuzama nalo. Akageuka, akatoka majini nguo zinachuruzika, akapanda juu ya daraja ambalo tangu lifunguliwe hakuwahi kulikanyaga, akavuka kwa miguu, magari yakimpigia honi, hadi ng'ambo.

Nazari aliijua sehemu hiyo. Ndivyo kitabu kilivyoishia, neno kwa neno kasoro mapambo.

"Mbona Agnetha anasema alikufa?"

"Kwa sababu alikufa."

"Mama Yosefina."

"Subiri, Afande, wewe una haraka kama mwenye mkopo. Agnetha alipanda mpunga wa saro. Saro inaiva upesi. Mimi, Marsiana na jirani yetu wa shamba, Dativa, tulipanda supa, mpunga wa kunukia, inachelewa. Evod akafa, siku chache baadaye Agnetha akavuna, akaondoka. Sisi tukabaki kule mashambani Idete na ndege na msiba."

"Msiba?"

"Nililia! Wacha kunitazama hivyo. Nilimlilia yule mzee kama mdogo wangu. Nikamwita Marsiana kutoka dunguni kwangu: wewe mwanamke huna huruma, umemlea mtu tangu mpunga unatoa masuke, unakuja kumtupa mtoni kama kifuu! Akaniambia, dada Yosefina, ndivyo alivyokwenda. Nikamwambia, sawa, basi mimi ndege wa upande wako sifukuzi tena mpaka umtoe huyo mtu majini."

"Ukagoma?"

"Nikagoma! Kweleakwelea wakitoka kwangu wanaangukia kwake kama mvua ya mawe. Anapiga debe, anapiga kelele, peke yake. Dativa akasema Evod aachwe afe, ndiyo ukweli wa dunia. Tukabishana, shamba kwa shamba, mpaka sauti zikakauka. Kisha siku moja asubuhi Marsiana akasimama dunguni, akapiga debe lake mara moja. Akasema: bibi alisema, alipofika kifuani, akakumbuka." Yosefina akatabasamu, na meno yalikuwa machache lakini yalitosha. "Nikachukua fimbo yangu nikaenda kufukuza ndege wake. Kwa furaha kabisa."

"Kwa hiyo nani alimfufua Evod?"

"Marsiana. Ila kwa nguvu zangu."

Nazari akatoa simu, akampigia Dativa ambaye bado alikuwa Idete kwa shughuli za shamba. Akaweka spika, akamkanya Yosefina kwa kidole asitie neno. Hakumwambia Dativa lolote. Alimuuliza tu Evod aliishia wapi.

"Ipi sasa, ya kwanza au ya Yosefina?" sauti ya Dativa ilitoka kwa mikwaruzo. "Mimi nilitaka afe, Afande, nakwambia ukweli. Ilikuwa safi. Lakini huyo bibi kizee alituharibia, analialia! Kilichoniuma ni kwamba ile ya pili ilikuja ikawa tamu kuliko ya kwanza. Sijui yule Marsiana anazitoa wapi."

Yosefina akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka.

Bodaboda ilimfikisha Nazari kwenye gesti ya karibu na stendi ambako Daktari Nelly alipanga. Alimkuta barazani, kompyuta imefunguka, chai imepoa, nzi anaogelea ndani yake. Mwanamke kijana, nywele fupi, macho mekundu ya mtu anayesoma kupita kiasi.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Sikuja kukuomba jina la msimulizi. Nilishaambiwa ulikataa."

"Niliwaahidi wote. Profesa mwenyewe aliniuliza, nikamkatalia." Alisema hivyo bila kuinua sauti, na Nazari alimheshimu palepale. "Lakini sijalala. Nilianza kazi hii kwa sababu babu yangu alikufa na hadithi zake zote, na sisi wajukuu tulibaki na suti yake moja tu. Nilitaka mashine isaidie watu kukumbuka. Sikutaka imnyang'anye mtu."

"Basi tuiulize. Evod aliishaje?"

Nelly akaandika. Kompyuta ikatafakari, kisha ikahadithia kwa sauti ya kike, tulivu, yenye lafudhi ya bonde hili kiasi kwamba Nazari alitazama nyuma. Evod akazama. Kofia ikaelea.

"Iulize kama hakufa."

Akaandika tena. Mashine haikusita hata kidogo. Ikasema Evod aliogelea hadi ng'ambo, akaoa binti wa chifu, wakaishi kwa raha.

Nelly akainamisha kichwa. "Hapo inabuni."

"Chifu wa wapi, kivukoni?" Nazari alicheka, lakini akili yake ilikuwa tayari kazini. "Haijui kwamba alilivuka daraja. Haijui kwamba lile neno ndilo lililomtoa majini. Yaani kitabu cha Marsiana kinajua jambo ambalo mashine haijawahi kulisikia. Kama aliiba humu, mwisho ule aliupata wapi? Sasa nipe sauti ya msimulizi yenyewe. Jina libaki kwako."

Sauti ikaja, safi, kama mtu amekaa chumbani. Nazari alishamtambua tangu neno la kwanza, akajikausha. *Evod akashuka mpaka majini, akaingia. Haya, kwanza akagonga kengele. Kisha ndiyo akaingia majini.*

"Rudisha hapo."

*Akaingia. Haya, kwanza akagonga kengele.*

"Rudisha tena."

Nelly akarudisha, akimtazama. Nazari alikuwa amefumba macho.

"Mtu akijisahihisha mwenyewe husemaje, Daktari? Atasema 'aa, nimekosea', ama 'ngoja'. Huyu anasema 'haya', tena kwa kucheka. Haya mtu anamwambia mtu. Kuna aliyemjibu hapo, na hapo katikati mimi nasikia kimya."

Rangi ya Nelly ikabadilika. "Hiyo imesafishwa. Mashine tuliifundisha itupe kelele. Zile sauti za kufukuza ndege, madebe, watu wanaoita kwa mbali. Zilikuwa zinaichanganya."

"Mmezitupa zikapotea?"

Alionekana ameumia. "Afande, mimi ni mtafiti. Rekodi ya kwanza siigusi. Hata ikiwa na mbwa, hata ikiwa na mvua. Mtu wa kesho anaweza kuhitaji nilichokiona takataka leo."

Akaingia chumbani, akafungua kabati, akarudi na diski, akachomeka, akatafuta. Safari hii shamba zima liliingia barazani. Debe liligongwa, sauti za watoto zikafuata, upepo ukapiga kinasa sauti. Ndani ya hayo yote Agnetha alikuwa akihadithia kwa bidii. *Evod akashuka mpaka majini, akaingia...* Na kutoka mbali, kutoka dungu la pili au la tatu, sauti ya mwanamke ikapasua anga:

*"Agnetha weee! Umeruka! Kengele! Kwanza agonge kengele, ndipo aingie!"*

Agnetha akacheka. *Haya, kwanza akagonga kengele.*

Ile sauti ya mbali haikuishia hapo. *"Na kofia usiisahau!"* Halafu ikageuka kuwa ukelele mrefu wa kufukuza ndege, na debe likafuata.

Nelly aliondoa mikono kwenye kompyuta kana kwamba imepata moto. Wiki iliyotangulia alikaa sebuleni kwa Marsiana, alikwenda kumpa pole, wakaongea hadi soda zikapata joto. Sauti ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Alikuwa hapo," alisema. "Muda wote alikuwa hapo. Na mimi nikamfuta."

"Hukumfuta. Ulimweka kabatini." Nazari akasogeza kiti. "Sasa niambie: hadithi ya bibi wa mtu, nani mwenye ubavu wa kumsahihisha mjukuu wake kutoka shamba la tatu, tena aseme kofia inakuja kabla kofia haijaja?"

"Mwenyewe," alisema Nelly. "Mwenye hadithi."

Nelly akatoa nakala, akakata jina la msimulizi, na Nazari akamtumia Profesa sauti ile kwa simu. Profesa hakukawia kupiga. Alikuwa mtu wa maneno makavu, na Nazari alimweka kwenye spika.

"Nimesikiliza, Afande. Lakini nikikataa? Nikisema huyo naye ni jirani tu aliyewahi kuisikia?"

"Ungekuwa na haki, Profesa. Ndiyo maana sikuja na hiyo peke yake." Nazari alizungumza taratibu, kama anayepanga matofali. "Hadithi hii ina miisho miwili. Waliopanda mpunga wa kuwahi walisikia mzee akifa, wakavuna wakaondoka. Mashine ililishwa na mmoja wao. Waliopanda wa kuchelewa walimsikia akifa, wakagombana, kisha wakamsikia akitoka majini. Nimewauliza mbalimbali, mmoja hajui mwenzake kasema nini. Mmoja wao, Dativa, hata hakupenda mwisho ubadilishwe, hana sababu ya kumpamba mtu. Wote wawili wanasema aliyebadilisha ni mmoja, Marsiana, na ndiye anayepiga kelele kwenye rekodi hiyo. Hadithi ya kale haibadiliki mwisho kati ya saro na supa, Profesa, eti kwa sababu bibi mmoja amegoma kufukuza ndege."

Nelly aliung'ata ukucha.

"Aligoma kweli?" Profesa aliuliza.

"Kweli. Kweleakwelea walishuhudia."

Kitu kilisikika ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa kicheko. "Kitabu kinarudi mezani leo hii. Nitawaandikia majaji wenzangu mwenyewe, na Martin nitampigia. Nimewahi kusoma riwaya nyingi, Afande, sikumbuki moja iliyotungwa huku mtu anapiga debe." Akakohoa. "Mwambie... yule mzee alipopanda darajani nguo zinachuruzika, niliweka kitabu chini nikatoka nje. Mwambie hivyo."

Walipofika Lipangalala kwa bajaji, jua lilikuwa limeegemea upande wa milima na moshi wa majiko umetanda. Nelly alikataa kushuka.

"Nenda wewe, Afande. Mimi nitasubiri hapa. Siwezi kumtazama."

"Hilo neno nimelisikia leo kwa mtu mwingine," alisema Nazari, akashuka.

Uani kwa Marsiana kulikuwa kumejaa. Habari mjini hapa hazingoji bajaji. Yosefina alikuwa kwenye kigoda chake alichokuja nacho, Agnetha alikuwa akikuna nazi mbali kidogo na wenzake, macho chini, na majirani wengine wawili watatu walijifanya wamekuja kuazima pasi. Marsiana mwenyewe aliinama kwenye chungu. Alikuwa mwanamke mrefu, na aliponyanyuka akiwa na mwiko mkononi alimtazama Nazari.

Nazari alitembea hadi kwenye mkeka, akainama, akafungua kamba za viatu. Kiatu kimoja, kiatu cha pili. Akavipanga. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Maji ya kunawa yapo?" aliuliza.

Yosefina ndiye aliyeelewa kwanza. Kigelegele chake kilitoka kikiwa na mkwaruzo, lakini kilivuka senyenge zote hadi mtaa wa pili. Mwiko ulimwanguka Marsiana. Alikaa chini palepale karibu na jiko, akafunika uso kwa viganja, mabega yakacheza, na hakuna aliyejua kama analia ama anacheka mpaka alipoinua uso ikaonekana ni vyote.

"Profesa anasema alipofika pale darajani, aliweka kitabu chini akatoka nje," Nazari alimwambia. "Na Agnetha ana jambo la kukwambia."

"Najua jambo lake," alisema Marsiana akijifuta. "Nilidhani anawasimulia wageni wapita njia, kumbe wana vinasa sauti; ila kumtaja sikutaka. Agnetha! Njoo hapa. Unakuna nazi kama unaichimbia kaburi. Mimi nikasirike kwa sababu umeshindwa kukaa na hadithi yangu tumboni? Mwandishi gani atakataa hilo? Kilichoniudhi ni kengele. Kila siku unairuka kengele!"

Agnetha akatupa mbuzi ya nazi, akaja mbio, na wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Katikati ya vurugu hiyo Marsiana akatazama juu ya vichwa vya watu. Kwenye pengo la ua alisimama Nelly, amekumbatia mkoba wa kompyuta kifuani, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Dada Marsiana," Nelly alianza, "nimekuja ku..."

"Hiyo mashine yako," Marsiana alimkatiza, "inajua kwamba Evod hakufa?"

"Bado, dada. Inasema alioa binti wa chifu."

"Mama yangu!" alisema Yosefina.

Marsiana aliokota mwiko, akaupangusa kwa kanga, akaufunua mfuniko wa chungu. Harufu ya supa iliyoiva ikatoka, na tumbo la Nazari likajibu kwa sauti ambayo safari hii hakuna aliyejifanya kutoisikia.

"Nitaisimulia mwenyewe, kwa jina langu, na huyu bibi awepo, maana nikikosea ananigomea," alisema. "Lakini siwezi kuhadithia mtu aliyesimama mlangoni na njaa. Ingia ndani, mdogo wangu. Nawa mikono. Ule kwanza."